Gari haiishi kumodifaiwa: maswali yanayoulizwa sana na watu wa Altezza, Subaru na Mark X hapa Tanga

Haya ni maswali ninayokutana nayo kila siku gereji, kwenye simu, na barazani jioni watu wakinywa kahawa. Nimejibu kwa urefu pale panapouma na kwa kifupi pale pasipo na neno. Niseme mapema kwamba nayapenda haya magari kupita kiasi na simwambii mtu ayaache, ninachotaka ni mtu aendeshe gari yake badala ya kuiuguza miaka nenda rudi.

Mbona nikimaliza kufunga kitu kimoja hamu inahamia kwenye kingine?

Hili ndo swali mama. Angalia vizuri ile raha yenyewe inakuja saa ngapi. Unaagiza rimu Dar, jamaa wa Ilala anakutumia picha, unalipa, unapewa jina la basi, kuanzia hapo mpaka basi inaingia Kange hutulii, unaangalia picha ile ile kila baada ya dakika kumi, unapiga hesabu zitakaaje, unamuonyesha mshkaji, unamuonyesha mpaka asiyehusika. Mzigo unafika, unafunga, jioni unazunguka nazo Raskazone, unapaki, unashuka, unatembea hatua tano alafu unageuka kuiangalia. Wiki mbili mbele unaingia kwenye gari yako kama ulivyokuwa unaingia zamani na rimu huzioni tena, macho yameshahamia kwenye bampa.

Ubongo ndo ulivyo. Mtafiti mmoja anaitwa Wolfram Schultz alipima kwenye ubongo wa nyani zile seli zinazotoa dopamini. Nyani anapewa juisi, mwanzoni seli zinachangamka pale anapoipata, ila akishajua kwamba ishara fulani ikitokea juisi inafuata, mchangamko wote unahamia kwenye ishara, juisi yenyewe ikifika seli hazishtuki tena. Kwahiyo raha kubwa iko kwenye kusubiri. Ukishafunga umeimaliza, na ili uipate tena inabidi usubiri kitu kingine, ndo unajikuta saa saba usiku unapekua picha za bodikiti wakati asubuhi una kazi.

Alafu kuna sababu ya pili ambayo ni ya kifundi kabisa na watu wengi hawaisemi. Spea zinaitana. Umefunga rimu pana, zinagusa fenda, inabidi ukunje fenda. Umeona upenyo mkubwa juu ya tairi, umeshusha springi. Shokapu za kiwandani hazikutengenezwa kwa springi fupi, zinakufa, unanunua seti nzima ya kupandisha na kushusha. Gari ikishuka tairi zinalala kwa ndani, zinaliwa upande mmoja, unatafuta amu za kurekebisha. Sasa rimu kubwa, breki ndogo inaonekana ndani kama imepotea, unataka breki kubwa. Hakuna hatua hata moja hapo ya kijinga, kila moja ukiiuliza ina sababu yake, na ndo maana mtu mwenye akili timamu kabisa, mhasibu, mwalimu, anajikuta ametumia hela ya kiwanja na haoni ni siku gani hasa aliamua kuitumia.

Kwahiyo ni ugonjwa?

Kwa vitabu vya hospitali hapana. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 kwenye upande wa tabia imetaja kamari na michezo ya kwenye kompyuta na simu, magari hayamo. Ila dalili wanazoangalia huko unaweza kujipima nazo mwenyewe: umejaribu kupunguza ukashindwa, vitu vingine vya maisha vimesukumwa pembeni, na unaendelea japo madhara unayaona kwa macho. Mi naongeza na ya nne ya mtaani, kuficha. Ukianza kuacha spea kwa fundi ili nyumbani wasiione, jiangalie.

Nimenunua Altezza ya mkononi, nianze kufunga nini?

Usifunge kitu kwanza. Najua unaniona mzee, ila nisikilize.

Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005, kwahiyo hata ile ya mwisho kabisa sa hivi ni gari ya miaka 20 na zaidi. Ile Altezza ya RS200 ina injini ya 3S-GE cc 2000 isiyo na tabo, yani kile kifaa kinachosukumia hewa ya ziada ndani ya injini, ya gia za mkono ilitoka na farasi 210 za Kijapani kwenye mizunguko 7600 kwa dakika, yani nguvu yake iko juu huko, inataka kuzungushwa. Injini ya hivyo yenye oili chafu, plagi zimechoka na rejeta imejaa kutu haifiki hata karibu na hizo namba, alafu wewe unataka kuifungia ekzosi ili iongezeke nguvu. Nguvu ya kwanza ya kuipata ni ile ambayo gari ilizaliwa nayo ikapotea njiani.

Anza na mafuta ya breki. Huku kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima na mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani hata kama hayavuji popote. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya kiwango chake ni kuchemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155, na DOT 3 ni 205 kwenda 140. Sasa mtu anashuka Lushoto kuja Mombo kona baada ya kona mguu uko kwenye breki, mafuta yana miaka sita hayajaguswa, yakichemka yanajaa mapovu ya mvuke na pedali inaenda mpaka kwenye kapeti. Kazi ya kumwaga na kujaza mapya ni ya lisaa na bei yake haifiki hata ya kibandiko cha kioo cha nyuma cha watu wengine.

Ya pili ni tairi. Chutama pembeni ya tairi, futa vumbi kwa kidole, utafute maandishi DOT na mwisho wake kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Ukikuta namba haipo upande wa nje lala chini uangalie wa ndani, mara nyingi iko huko. Nimeshaona gari imefungwa rimu za bei mbaya, zimepolishiwa zinang'aa, juu yake tairi za mtumba za 2011 zina mipasuko midogo midogo kwenye shavu, na mwenyewe kesho anaenda Dar na familia. Hiyo inaniumiza kuliko gari yoyote iliyopakwa rangi vibaya.

Baada ya hapo bushi, bolijointi, mikanda, mipira ya maji. Ukimaliza hayo endesha mwezi mzima bila kugusa kitu. Wengi wakifika hapa wanagundua gari waliyotaka kuibadilisha walikuwa hawajawahi kuiendesha ikiwa nzima.

Ekzosi kubwa na filta ya wazi zinaongeza nguvu?

Kelele zinaongeza, hilo halina ubishi. Nguvu kwenye injini isiyo na tabo ni kidogo sana, huisikii mgongoni.

Filta ya wazi ndo ya kuangalia zaidi kwa joto letu. Ukitoa boksi la filta la kiwandani, ambalo linavuta hewa ya nje, ukaweka ile ya duara juu ya injini, unavuta hewa iliyopikwa na ekzosi na rejeta. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 30 mpaka 60 inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 9, na injini inakula hewa, hewa ikipungua na nguvu inapungua. Kwahiyo mtu amelipa, amepata mngurumo, na kwenye foleni ya mchana pale barabara ya Taifa gari imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa. Kama unaipenda sauti funga, sauti ni sababu halali kabisa, ila usijidanganye kwamba umenunua farasi.

Na kwa watu wa Subaru, ule mlio wenu wa kugugumia unatokana na bomba za ekzosi za kiwandani kuwa na urefu usiolingana kutoka kila upande wa injini. Kijana anatoa zile anafunga za kisasa zenye urefu sawa, gari inapumua vizuri ila mlio umeondoka, alafu anakuja analalamika gari imekuwa kama ya kawaida. Uliza kabla hujakata bomba.

Nataka tabo ilie pshhh nikibadili gia, kuna ubaya?

Kwenye Impreza nyingi upo. Kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, ina sensa inayohesabu hewa inapoingia, kabla haijafika kwenye tabo. Hewa iliyobanwa ukiachia gesi kiwandani inarudishwa ndani kwenye bomba, baada ya sensa. Ukifunga bloofu, ile vali ya kuachia hewa iliyobanwa, ya kutemea nje, ile hewa imeshahesabiwa na petroli yake inamwagwa, lakini hewa yenyewe imeenda zake, kwahiyo kila ukibadili gia injini inakunywa petroli ya ziada, inakohoa kidogo, plagi zinaingia weusi. Gari haifi leo wala kesho. Ila unalipia mafuta ambayo hayakusukumi popote, na kila mtu anajua bei ya lita sa hivi.

Kuongeza presha ya tabo je? Nasikia Wajapani waliacha nafasi.

Waliacha, ni kweli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80 makampuni ya Japan yalikubaliana kutotangaza gari yenye zaidi ya farasi 280, wakaja kuliacha 2004, ndo maana Supra, Skyline, Evo na hata Chaser yenye injini ya 1JZ zote zilikuwa zinaandikwa namba ile ile wakati injini hazilingani. Na ndo hao hao walioweka kikomo cha spidi 180, kwa hiyo dashibodi nyingi za huku zinaishia hapo.

Ila ile nafasi walioiacha waliiacha kwa petroli ya kwao. Haya magari yanatakiwa kunywa petroli ya juu ya Japan ambayo okteni yake, yani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati, inafika 98 mpaka 100, ya sheli zetu haifiki huko. Ukiongeza presha kwenye petroli ya okteni ndogo mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati, unasikia kama changarawe zinagonga ndani ya bati, na Subaru ya tabo pistoni zinapasuka kwenye mifereji ya ringi. Presha ya ziada bila mtu wa kupanga upya kontrol boksi na kupima mchanganyiko kwa kifaa ni kuua injini. Fundi akikwambia "hii tunakaza tu hapa" na hana kifaa chochote mkononi, chukua funguo yako uondoke.

Kushusha gari na rimu 18?

Rimu 18 sina tatizo nazo ukichagua tairi yenye kipenyo cha karibu na cha kwanza. RS200 ilitoka na tairi za 215/45R17, hiyo ukiipima ina kipenyo cha milimita 625 hivi. Ukiweka 225/40R18 unapata 637, tofauti haifiki hata asilimia 2. Ila watu wanaogopa mashimo wanaweka 225/45R18, hiyo ni 660 karibu, zaidi ya asilimia 5 juu, na dashibodi haijui kwamba umebadilisha. Spidi halisi inakuwa kubwa kuliko ulivyokuwa unasoma siku zote. Unaingia kijijini kwenye kibao cha 50 unajiona uko sawa, tochi ya trafiki inasoma kingine.

Kushusha nako sio dhambi. Kukata springi kwa grenda ndo dhambi. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, gari ikiruka inaweza kuhama, na mwendo wake unakuwa wa kudunda mpaka abiria anashika dari. Alafu fikiria matuta kutoka hapa mpaka Segera, mchunguze mtu aliyeshusha sana anavyopita tuta: anasimama, anakata kona, anapanda tairi moja moja, nyuma yake lori la saruji linapiga honi. Mara tano hiyo kabla ya Muheza. Kama gari yako inaishia mjini sawa, kama inasafiri kila mwezi utaichukia.

Trafiki, TRA na bima?

Kadi ya gari ina rangi, namba ya injini, chesisi na cc, ukibadili rangi au ukipandisha injini nyingine taarifa zibadilishwe TRA, usisubiri siku ya kuuza. Na kama una bima kubwa waambie umefunga nini, ukinyamaza siku ya ajali wana pa kushikia.

Mume wangu ana Subaru na kila mwisho wa mwezi ni ugomvi. Nifanyeje?

Dada yangu, pole. Nalipata hili swali kuliko watu wanavyodhani na huwa nalijibu kwa uangalifu.

Usianze kwa kuitukana gari. Ukisema "hilo kopo lako" mazungumzo yameisha, kwake ile gari ni kitu pekee ambacho akikigusa kinaonekana kimekuwa bora, kazini kwake huenda hamna kitu cha hivyo. Muombe mkae siku hana haraka, mchukue daftari, aandike kila kitu kilichofungwa na bei yake, yeye mwenyewe kwa mkono wake. Sio kumhukumu. Watu wengi hawajawahi kuiona jumla, wanaijua laki mbili ya juzi na laki na nusu ya mwezi uliopita, jumla yake haijawahi kukaa kwenye karatasi moja. Nimeona mwanaume mzima ananyamaza kimya mbele ya hesabu yake.

Baada ya hapo mkubaliane kiasi cha gari kwa mwezi, kiwe kidogo lakini kiwe chake kweli, asiulizwe. Ada, kodi, mchezo wa upatu vinatoka kabla. Na kitu kimoja usikubali kabisa: mikopo ya kwenye simu kwa ajili ya spea. Riba ile inakula familia wakati rimu ziko ukutani. Ukiona anaficha, spea anasema kapewa bure, simu ya fundi anaenda kuipokelea nje, hapo tafuta mtu mzima anayemheshimu akae naye, kaka yake au shemeji, kwa sababu limeshatoka kwenye gari limeingia kwenye uaminifu.

Nikiuza nitarudisha hela niliyofunga?

Hapana. Mnunuzi anataka gari ambayo haijachokonolewa, vilivyofungwa anavihesabu kama shaka. Ukitaka kurudisha chochote vua, uza kimoja kimoja.

Gari yangu iko juu ya mawe toka mwaka jana, hela imekata katikati. Nimalizie vipi?

Hii ndo hali ngumu kuliko zote na wengi wenu mko hapa. Injini iko nje, bampa moja imepakwa rangi nyingine bado, fundi ana gari nyingine, na kila ukipita pale roho inasinyaa. Usiongeze mpango. Punguza. Chukua karatasi uandike vitu vya lazima tu ili gari iwake na itembee kwa usalama, vingine vyote vifute hata kama umeshalipia nusu. Rangi isubiri. Rejesha shokapu za zamani kama mpya hazijafika. Gari inayotembea ikiwa na rangi mbili inakupa nguvu ya kuendelea, ya juu ya mawe inakunyonya, na chumvi ya bahari hii haisubiri, bomba na diski zikikaa wazi miezi zinaota kutu mpaka boliti hazifunguki.

Sasa nitajuaje gari imeisha?

Gari haitakuambia. Inabidi wewe uiambie.

Amua ni ya kazi gani, kazi moja au mbili zinazoelewana. Ya kwendea kazini na safari. Au ya kupendeza jioni na harusini. Au ya mashindano. Altezza moja haiwezi kuwa imelala chini kwa picha, laini kwa mama akiwa amekaa nyuma, na ngumu kwa kona. Watu wanaofunga bila kuisha ukiwachunguza wanajaribu kupata gari tatu ndani ya bodi moja, mwezi huu wanavuta huku, mwezi ujao kule.

Kuna kijana wa Makorora ana RS200 nyeupe, alichukua kipande cha plasta ya karatasi, ile ya wapaka rangi, akaandika kwa makapeni KAZINI NA LUSHOTO, akakibandika ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi. Maandishi yamepauka kwa joto la injini ila yanasomeka. Akitamani kitu anafungua boneti anasoma. Spoila kubwa ya nyuma imekataliwa na kile kipande cha plasta, muziki wa sabufa mbili umekataliwa pia, ila shokapu mpya za kiwango cha kiwandani, pedi nzuri za breki na tairi nne za mwaka huu huu zilipita moja kwa moja. Ile gari ukikaa unajua imemalizwa, hakuna kinachogonga, na boneti ukifungua huoni waya umening'inia.

Na kanuni ya kusubiri inasaidia sana, kwa sababu tumeona raha iko kwenye kusubiri, basi irefushe bure. Ukitamani kitu kiandike na tarehe, usikinunue mpaka uje kumwaga oili tena, kilomita 5000 mbele. Vingi vinafutika vyenyewe humo njiani na vile vinavyobaki mara nyingi ndo vilikuwa vya kweli.

Hamu yenyewe niipeleke wapi?

Iendeshe. Amka alfajiri Jumapili, pima upepo, angalia oili na maji, nenda mpaka Mombo alafu panda Lushoto taratibu kabla malori hayajaamka. Kilomita thelathini na kitu za kona, hewa inabadilika ukiwa njiani, unasikia usukani unakuambia tairi ziko wapi. Utajifunza kuhusu gari yako pale kuliko miezi ya kuangalia video. Mtu anayeendesha sana anafunga kidogo, hilo nimeliona kwa wengi.

Na wanaoshindana usiku barabara ya Horohoro?

Waache. Kuna ng'ombe, kuna baiskeli bila taa, kuna mama anatoka shamba na mzigo kichwani, hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa kwenye mashindano yako. Mapenzi ya mbio huku hayajaanza na nyinyi, Safari Rally ilianza 1953 na enzi hizo ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, wazee wanaikumbuka. Ukitaka mbio kweli ingia kwenye rali rasmi na hela ya bodikiti inunulie kofia ngumu, mikanda ya mashindano na fremu ya chuma ya ndani.

Spea za kiwandani nilizovua nitupe?

Usitupe hata boliti. Springi, shokapu nzima, boksi la filta, ekzosi yenye masega, kile kichujio cha moshi, vyote weka. Masega yana madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ndo maana kila kona kuna mtu anakuambia "hiyo nipe nikutolee", usimpe kirahisi. Vya chuma vipake grisi, vifunge kwenye mfuko wa nailoni, viweke ndani ya nyumba sio kibarazani kwa ajili ya upepo wa bahari, na andika kwa makapeni kila mfuko ni wa upande gani, mbele kulia, mbele kushoto, kwa sababu baada ya mwaka hutakumbuka na fundi naye hatakumbuka.